Verlyn Halalamiki

Umewahi kusifiwa mpaka ukakosa riziki? Verlyn Haugerud amewahi, tena mbele ya hakimu, na aliyemsifu ni rafiki yake.

Verlyn alikuwa fundi umeme katika kiwanda cha nyama ya bata mzinga, magharibi mwa jimbo la Minnesota, Marekani, mpaka mwili wake ulipoanza kujila wenyewe. Ndivyo ugonjwa huu ulivyo: kinga ya mwili inashambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu, na amri inayotoka kichwani haifiki mguuni. Leo anayumba kama mlevi, kesho jicho moja linaona ukungu, na uchovu humwangusha kitandani kabla ya saa nne asubuhi. Aliomba mafao ya ulemavu, ambayo alikatwa mshahara kuyachangia tangu ujana wake. Watu wa serikali wakamkataa. Akakata rufaa, wakamkataa tena. Ikabaki kusikilizwa na hakimu, na akikosa hapo, nyumba inauzwa.

Dada yake Ardis, anayeishi naye, alimfunda garini wakielekea kwa hakimu.

"Ukiulizwa hali, usithubutu kusema si mbaya. Umenisikia?"

"Nimekusikia, dada."

"Haya, hali yako ikoje?"

"Si mbaya."

"Verlyn, nitakutupa mtaroni sasa hivi!"

Kule kwao watu husema si mbaya hata ghala likiwaka moto. Kulalamika ni aibu, na kumtaja jirani kuwa dhaifu mbele za watu ni tusi ambalo watoto watalirithi. Hakimu hakuwa mtu wa kule, wala hakutaka kujua.

Shahidi alikuwa Gaylen Brekke, rafiki yake na jirani wa ng'ambo ya barabara.

"Bwana Brekke, unamwona mwombaji kila siku. Anaweza kufanya nini?" hakimu aliuliza.

Gaylen akavua kofia, akakohoa. "Mheshimiwa, huyu ni mwanamume hasa. Hajanung'unika hata siku moja. Theluji ya uani kwake anaiondoa mwenyewe."

Uongo mtupu! Theluji ile aliiondoa Gaylen mwenyewe kwa trekta lake, alfajiri, ili watu wasione. Verlyn alilisikia akiwa kitandani majira yote ya baridi, na hawakuwahi kulizungumzia.

"Bwana Haugerud, ni kweli?"

Kusema hapana kungekuwa kumwita Gaylen mwongo na kujiita mwenyewe goigoi, kwa pumzi moja. Verlyn akajinyoosha kitini.

"Kidogo kidogo," alisema. "Napumzika katikati."

"Waongo!" Ardis aliruka. "Waongo wote wawili! Mheshimiwa, hawezi kufunga vifungo vya shati. Hilo nimemvisha mimi!"

"Mama, kaa chini au utoke."

Akaitwa mtaalamu wa ajira, kijana aliyenyoa vizuri, akasema ziko kazi za kukaa ambazo Verlyn anaziweza. Kwa mfano, kuchambua karanga.

"Karanga!" Ardis alicheka kwa hasira. "Minnesota hii? Nani anachambua karanga hapa, babu yako?"

"Ziko nchini, mama," kijana alisema, "na sheria inatazama nchi nzima."

Hakimu alilikataa ombi papo hapo. Watu hawa wana ofisi zenye joto na pensheni zao wenyewe, na kazi yao ni kumtaka mgonjwa ajivue utu wake mbele yao. Akibakiza heshima kidogo, wanaishika heshima hiyo hiyo na kumnyonga nayo. Halafu huiita sheria.

Kwenye maegesho Gaylen alimshika Verlyn bega. "Nadhani tumekwenda vizuri," alisema.

Ardis alimwingiza kaka yake garini na kuendesha mpaka nyumbani.

Asubuhi iliyofuata Verlyn alikuwa ameketi dirishani jikoni alipomwona Gaylen anavuka barabara, amebeba chombo cha nyama ya kusaga na viazi vya kuokwa, kimefungwa taulo. Ardis akamfungulia, akakipokea, akampita hadi ukingo wa ngazi. Akakipindua. Akakigonga kitako kwa ngumi mpaka kiazi cha mwisho kikaanguka kwenye theluji, akakifuta chombo kwa taulo, akamrudishia.

Gaylen aliutazama mvuke ukipanda.

"Haidhuru," alisema. "Mke wangu alizidisha chumvi."

Ardis aliingia ndani, akatia komeo mlango ambao haukuwahi kukomewa tangu baba yao autengeneze.