Siku Baba Alipouliza Maana ya "brb"

Siku ile bado naikumbuka, mwanangu, ingawa maneno mengine huenda nimeyapanga upya bila kujua. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, najifunza kompyuta kwenye duka moja la intaneti pale Ndia Kuu, mtaani kwetu Mji wa Kale. Huko tuliandikiana na vijana wa mbali, na maneno yao tukarudi nayo nyumbani, mimi na rafiki yangu Zuhura. Nikiinuka kwenda jikoni nasema "brb", yaani narudi sasa hivi. Zuhura badala ya kucheka husema "lol", yaani nacheka sana.

Baba, aliyekuwa karani wa godauni Shimanzi, akatusikia. Akaona tunaficha jambo, akasema duka lile sitalikanyaga tena. Niliumia, maana kazi niliyoitarajia ni ya kompyuta tu. Lakini simlaumu. Mzazi akisikia ndani ya nyumba yake lugha asiyoijua, afikiri nini?

Shangazi Mwanaesha, dada yake mkubwa, alikuwa hapo anadarizi kofia. Hakunitetea wala hakunikemea. Alimwambia Baba maneno kwa kinyume, ule usemi wa kugeuza silabi, "kesho" ikawa "shoke". Na Baba, kabla hajajizuia, akamjibu kwa kinyume vilevile.

"Salimu," Shangazi akasema, "sisi tulikuwa tukimficha nini baba yetu?"

"Upuzi mtupu," Baba akajibu. Kisha akaongeza, "Mara nyingi."

"Basi muulize mtoto."

Siku ya pili Baba akaja nami dukani, akaketi kando yangu na kanzu yake. Kila neno akauliza: hili maana yake nini, na lasemwa na nani? Nikaona raha kumfundisha. Mara mtu nisiyemjua akaniandikia "asl". Nikamweleza Baba kuwa ataka kujua umri wangu, kama ni mwanamume au mwanamke, na mahali ninapokaa. Vidole vyangu vilikuwa vishaanza kuandika Mji wa Kale.

"Wamjua?"

"La, Baba."

"Basi mwambie aanze yeye. Ni nani, na ni mwana wa nani?"

Nikaandika hivyo hivyo. Mtu yule hakujibu tena. Baba akaniachia niendelee na masomo yangu.

Leo wewe ndiwe mzazi, na kijana wako anaandika vitu ambavyo hata mimi sivijui. Usikataze kabla hujauliza. Uliza kama mtu anayetaka kujua kweli, si kama askari. Uliza maana, kisha uliza ni nani aliyemwandikia. Hilo la pili ndilo zito. Wala usiyachukue maneno yake ukayasema mbele ya wenzake, utamtia haya. Huenda mengine nakosea, sikusoma sana, lakini hili nililiona kwa macho yangu.

Mungu akupe sikio lenye subira, mwanangu, na akupe mtoto asiyeogopa kukujibu.