Mpira Uliobaki kwenye Injini

Fundi huyu watu walimwita Kidole, na jina lenyewe alilipenda. Alilipata gereji akiwa bado kijana, kwa sababu ya tabia moja ambayo wenzake waliicheka mpaka wakachoka. Kila alipofungua filta ya oili, kabla hajafunga mpya, alipitisha kidole mahali filta inapokaa kwenye injini, akakizungusha taratibu mzunguko mzima huku amefumba macho. Alikuwa anatafuta mpira, ile pete laini inayoziba oili isivuje. Filta ya zamani ikitoka, mpira wake nao unatakiwa utoke. Lakini wakati mwingine hukaidi, ukang'ang'ania kwenye injini, na ukifunga filta mpya juu yake unakuwa na mipira miwili imelaliana. Hapo umejitafutia balaa. Gari litatoka gereji linanguruma vizuri, mwenyewe atakuaga anacheka, halafu siku moja barabarani mpira utachomoka na oili yote itamwagika chini. Wenzake walimulika kwa tochi. Yeye akawaambia tochi ni ya wasiojua kazi.

Na kweli, miaka thelathini na moja hakuna filta ya Kidole iliyovuja. Kisha ikaja sukari.

Ilianzia miguuni, kama ilivyo desturi yake, ikafika mikononi bila hodi. Siku moja aliegemeza mkono kwenye bomba la moshi lenye moto, na kilichomshtua kilikuwa harufu. Daktari alimweleza kwamba vidole vimekufa ganzi na huenda visirudi tena. Mkewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo hapakuwa na wa kumsoma usoni, naye hakumwambia mtu. Mtu mzima na mvi zake, anaficha nini? Lakini mnatujua sisi wanaume na kazi zetu. Fundi ukimnyang'anya mikono umemwachia ovaroli tu. Na tochi, jamani, tochi aliona haya kuishika. Wangemuuliza kulikoni.

Akaanza kukwepa. Kazi za filta akawasukumia wenzake kwa visingizio, leo mgongo, kesho ana gari lingine la haraka. Gari ambalo hakuweza kumsukumia mtu lilikuwa moja tu, la mdogo wake wa kike.

Mdogo wake huyo alikuwa mjane na dobi, akifua mashuka ya nyumba za wageni na zahanati mbili. Gari aliachiwa na marehemu mumewe, nalo ndilo lililokuwa likikusanya machafu asubuhi na kurudisha safi jioni. Dereva alikuwa binti yake wa pekee, mwanamke wa miaka ishirini na saba, ambaye utotoni akitoka shule alikuwa anakuja gereji kwa mjomba wake, anakaa juu ya tairi na kuuliza maswali mpaka fundi wa pembeni anaomba msamaha. Kuendesha alifundishwa na mjomba. Mama yake hakulitaka jambo hilo tangu mwanzo, na kila gari lilipopata mkwaruzo alilikumbusha.

Binti alikuwa mtu wa kalenda. Kilomita elfu tano zikitimia, huyo gereji. Safari hii mjomba akamwambia oili bado nzuri, za siku hizi zinavumilia, arudi mwezi ujao. Mwezi ujao ukaja, akamwambia hivyo hivyo. Binti aliguna, lakini wewe ungebishana na Kidole? Ikafika elfu kumi, ikapita elfu kumi na tano. Na oili ikikaa muda wote huo mpira wa filta unaokwa na moto wa injini, unakauka, unashika chuma kana kwamba umezaliwa nacho.

Hatimaye oili ikawa nyeusi ya kutisha na visingizio vikaisha. Kidole akaingia chini ya gari, akafungua filta kwa shida, akapitisha kidole na kufumba macho kama zamani. Hakusikia kitu. Akajiambia kwamba hakuna kitu, akafunga filta mpya, akawasha injini, akatazama chini. Pakavu. Aliporudi nyumbani siku hiyo alilala usingizi mzuri, maskini.

Mipira ile miwili ilivumilia siku mbili. Ya tatu, kwenye mlima, na malori yakimfuata nyuma, binti aliona taa nyekundu ya oili. Hapakuwa na pa kuegesha. Alipopata upenyo injini ilikuwa inagonga, na alipozima haikuwaka tena. Oili ilikuwa imeandika mstari barabarani kutoka chini ya mlima mpaka alipo.

Gari likavutwa mpaka uani kwa dobi, Kidole akaitwa. Mama mtu alikuwa ameshatoa hukumu yake: binti alikuwa kwenye simu, taa hakuiona, kaua gari la baba yake. Aliyasema hayo mbele ya majirani na wafuaji wawili. Kidole akajilaza chini, akamulika kwa tochi ya kuazima, akauona mpira mweusi umechungulia pembeni ya filta. Akakaa huko chini muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Alipotoka, binti alimtazama usoni.

"Mjomba," alisema, "wewe ndiye unayejua. Waambie."

Kidole alijifuta mikono. Macho ya watu wote yalikuwa kwake, na watu wote hao walimjua kama fundi asiyevujisha.

"Taa huwa inawaka mapema," akasema. "Dereva makini anaiona."

Binti alimpa mama yake ufunguo, akaingia ndani. Baada ya siku chache Kidole akasikia ameondoka, kapata kazi ya kuendesha gari la kampuni fulani huko mbali, na kwamba mama yake hajazungumza naye tangu siku hiyo.

Mwezi na nusu aliubeba uongo ule. Chakula hakikupita. Mashuka ya wageni sasa yalikuwa yakibebwa kwa mkokoteni, na kila ulipopita mbele ya gereji yeye alijifanya anatafuta spana. Mwishowe Jumapili moja alijiona anadharaulika hata na nafsi yake, akaenda kwa mdogo wake. Alimkuta anaanika.

"Mwanao hakukosea," akamwambia. "Mimi nilifunga mipira miwili. Vidole vyangu vimekufa tangu mwaka juzi, na nilikuficha."

Mdogo wake hakupiga kelele. Alimaliza kuanika shuka alilolishika, akabana vibanio vyake kimoja kimoja, machozi yanamtoka. Kisha akatoa simu.

"Si mimi wa kuambiwa, kaka," akasema. Akapiga, akaweka sauti ya nje, akamshikisha.

Binti alipopokea, Kidole aliyarudia yote, na safari hii hakupunguza kitu.

"Nilijua, Mjomba," binti akasema. "Nilipoingia chini ya gari pale mlimani niliuona mpira umetoka. Si wewe uliyenifundisha kuutafuta?"

Kidole akamuuliza kwa nini basi hakusema.

"Ningekuaibisha mbele za watu. Nikaona nikuachie useme mwenyewe. Hukusema. Nikangoja siku tatu, nikidhani labda unatafuta maneno. Siku ya nne nikapanda basi."

Kidole alimwomba msamaha. Alilia, mzee yule, bila kujificha, na mdogo wake akasogea karibu na simu amwombe mwanawe arudi nyumbani.

"Nimeshawasamehe," binti akasema. "Lakini kurudi, hapana, mama. Wewe hukuniamini, na aliyejua ukweli akanyamaza. Nikirudi nitaishi na nani?"

Kisha akamuuliza mjomba wake kama anakunywa dawa, akawaaga wote wawili kwa adabu, akakata simu.