Nyayo za Mjomba Mselemu

Kauthar wa Ikungi alikuwa amechoka kupiga video za harusi. Akataka kutengeneza filamu yake mwenyewe, fupi, ya dereva wa lori aliyeacha swala miaka mingi kisha akarudi. Mwigizaji alikuwa naye nyumbani: mjomba wake Mselemu, dereva mstaafu, mcheshi ajabu.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka siku ya kurekodi dereva akiswali. Kauthar alikwisha kutandika mswala sebuleni na kuweka kamera tayari.

"Hapo hapana, mama," mjomba akasema. "Nikisujudu ili unirekodi, nitakuwa namsujudia nani?"

"Lakini mjomba, watu watajuaje kwamba amerudi kwa Mungu?"

"Hiyo kazi yako wewe. Mimi swala siigizi."

Kauthar akanuna. Akaenda kukaa barazani, akiwaza filamu yake imekufa. Adhuhuri ikaingia, mjomba akachukua birika lake la plastiki, akatawadha uani, akapita ndani kuswali kweli. Kauthar akamtazama akipita, macho yakashuka sakafuni. Kwenye saruji kavu zilibaki nyayo zenye maji, zimepangana mpaka mlangoni.

Alipomaliza kuswali, Kauthar akamdaka. "Mjomba, kutawadha tu utakubali?"

"Hilo nakubali."

Basi ikawa vurugu. Upepo wa Singida haumsubiri mtu. Kabla kamera haijatulia, nyayo zimekauka. Wakarudia. Jogoo akakatiza, wakarudia tena. Mjomba akawa analalamika kwamba tangu azaliwe hajapata kuwa na miguu misafi namna hiyo. Mwisho ikapatikana: birika, maji yakidondoka, nyayo zikielekea ndani, mlango ukifungwa taratibu.

Jumamosi jioni wakatundika shuka ukutani kuonyesha filamu, majirani wakajaa uani. Nyayo zilipotokea, kukawa kimya. Kauthar akashika mdomo. Hawajaelewa, akawaza.

Kisha mama Magdalena, Mkatoliki wa nyumba ya pili, akapiga makofi. "Jamani! Huyu baba ameanza kuswali tena!"

Uani pakalipuka vigelegele. Kauthar akacheka huku machozi yakimtoka.

Watu walipoanza kutawanyika, Magdalena akamfuata. "Mwanangu, na sisi ya Pasaka utatutengenezea lini?"

"Nitatengeneza, mama. Ila msalaba sitauonyesha."

"Ee! Sasa utaonyesha nini?"

"Bado sijui," Kauthar akasema. "Kesho nakuja kwako, nikuangalie unavyojiandaa kwenda kanisani."