Kamba ya Mabeki

Kocha wetu wa mabeki hautazami mpira. Hutazama miguu ya wasio nao. Mazoezini huwafunga mabeki wanne kamba moja viunoni, mmoja akisogea wote wasogee, na kila fundo hulikaza taratibu, kama mama anayemfunga mtoto vifungo vya sweta.

"Kocha, kwani sisi mbuzi?"

"Mbuzi angeshaelewa, mwanangu."

Kabla hajaja, tulifungwa kila mechi. Jana sare tu ingetubakiza ligini, na wapinzani walitushambulia hadi mwisho wasipate bao. Filimbi ilipolia, benchi zima lilikimbilia uwanjani. Yeye alibaki ameketi, amenishika mkono mimi muuguzi wa timu. Mabeki wakamjia wote wanne, sambamba, wameachana urefu uleule wa kamba.