Bwato Yenye Nilizamisha

Miye naogopaka maji. Nasema wazi, sina haya. Kuoga na ndoo, ndiyo. Kufua pembeni ya ziwa, ndiyo, na macho inatafuta mamba. Lakini kuingia mu bwato, hapana! Siku yenye tulivuka ziwa Mweru kukimbia vita, bwato ilijaa bantu mpaka maji ilikuwa inalamba mukono yangu, na mutoto yangu ya kwanza ku mugongo, woga ilimukataza hata kulia. Nilimuambia Mungu: ukinifikisha Zambia, hutaniona tena mule ndani. Mungu alitimiza yake. Mwenye aliharibu mapatano ni bwana yangu.

Bwana yangu ni fundi ya milango. Hapa Kashikishi nyumba mingi za pembeni ya soko zinafungwa na milango yake, na mutu akifa, anatengeneza sanduku ya kuzikia pia. Mwaka uliopita alienda kuweka milango mu nyumba moja ya wageni, kule Nchelenge. Nyuma ya nyumba kulikuwa bwato ndogo ya tanga, ya muzungu mumoja mwenye alirudia kwabo zamani. Kuku zilikuwa zinataga mule ndani. Bwana yangu akaomba bamupe bwato ile, mulango wa mwisho utakuwa bure. Akaileta juu ya gari ya mihogo, anacheka yeye peke yake.

"Papa ya batoto, hii ni nini?"

"Ya kutembeza batoto, siku ya Mungu kiisha kanisa. Shiye bane, wewe na miye na batoto babili, tanga juu, upepo inasukuma. Hakuna hata mafuta ya kutafuta."

"Sema batatu. Miye nitabaki napika."

"Utazoea, mama."

Nizoee nini? Kufa kunazoeleka?

Miezi mibili alifanya kazi ile. Alitoa mbao zenye zilioza, akapiga mupya. Akashindilia pamba mu nafasi za mbao, akapaka rangi ya buluu, akashona tanga na bashe, ile turubai ya zamani. Muchana alikuwa anaianika ku jua, magaribi anaifunika umande usiiguse. Mbao ya mulango, mutu anaichunga na maji, sababu ikivimba mulango haufunge tena. Basi na bwato aliichunga vile vile. Musumari yote yenye alipiga, miye nilikuwa naihesabu. Nilikuwa naangalia batoto bangu babili banacheza, naona wazi vichwa vyabo vinaenda chini. Nilimuambia, "Bazee balisema: kwa muoga kunaenda kicheko, kwa shujaa kunaenda kilio." Akanijibu, "Basi wewe cheka." Mutu wa namna gani huyu?

Ikafika siku ya tano ya juma. Safari ni kesho kutwa, siku ya Mungu. Yeye akaenda soko kutafuta kamba, batoto balikuwa ku masomo. Bwato ilikuwa juu ya magogo, hatua mbili tu na maji, inangaa. Nikaiangalia, nayo ikaniangalia. Sikupanga kitu. Nilijikuta tu nimeweka mugongo wangu pale nyuma, nasukuma. Ikateleza mu maji yenyewe. Na maji ikaanza kuingia! Katikati ya mbao zote, upande huu na ule, bila miye kugusa. Ni humu ndani alitaka kuniwekea batoto? Hasira ikapanda, nikaongeza na ndoo, nikatupa mawe, maji ilinifika mu kiuno, nalia, naogopa mamba, naogopa bwana yangu, mpaka bwato ikakaa chini. Ikabaki mulingoti peke yake inaonekana.

Bwana yangu alirudi na kamba ku bega. Akasimama. "Nani amefanya hii?"

Kabla sijajibu, jirani yetu akafika, mama mumoja Mubemba mwenye mabwato matatu ya kuvulia. Kinywa chake ni radio. "Iye! Leo ndiyo mumepata akili!" Akamupiga bwana yangu ku bega. "Bwato kavu inapaswa kunywa kwanza. Iache siku ine chini ya maji, mbao ivimbe, ijifunge yenyewe. Miye nilikuwa nakuona unaianika kama samaki, nikasema labda bantu ya milango bako na dawa yabo. Mungeenda siku ya Mungu ikiwa kavu vile, mungefika pale tu," akaonyesha mbali, kwenye maji inageuka rangi, "na muingie chini bote. Na batoto? Awe, awe, hapana."

"Na wewe uliona, ukanyamaza?" nilimupigia kelele.

"Mayo, mama, mulikuwa mumeniuliza?"

Akaenda zake. Bwana yangu akakaa mu musanga. Akafungua mikono yake, akaiangalia. "Ningebauwa," alisema. "Kisha ningebatengenezea masanduku na mikono hii hii."

Nikakaa karibu yake. "Papa, ni miye niliizamisha. Mambo ya kunywa sikujua. Nilitaka ife."

Akanigeukia. "Ungesema."

"Nilisema miezi mibili!"

Akatoa kamba ku bega, akaiweka ku musanga.

Siku ine zikapita. Bavuvi ya jirani bakatusaidia kuiinua na kutoa maji. Tukangojea. Asubuhi yote ilielea, na ndani tone haikuingia. Batoto banaruka-ruka, "Papa, twende! Papa, twende!" Bwana yangu alisimama mu maji anaikamata na kamba, hapande. Uso wake ulikuwa rangi ya majivu.

"Tuipasue," alisema pole pole. "Iwe kuni."

Neno lile nililiombea miezi mibili. Ningepiga vigelegele. Lakini hakumaliza. Akaangalia ngambo, kule kwetu, akasema: "Siku ile mwenye bwato alisema nafasi imeisha, na mama yangu akabaki ku musanga. Bwato haikukuwa yangu. Ningesema nini? Miye nilitaka, vita ikivuka mpaka huku, nisiombe mutu nafasi tena."

Tangu tulifika Zambia hakukuwa amesema neno ile. Na miye sikuuliza. Mama mukwe alituambia muende, muende, akageuka asituone, na habari yake hatujapata mpaka leo. Kumbe miye muda wote nilifikiri anaiga michezo ya muzungu! Nilisikia haya, na woga haikupungua hata kidogo.

Nikapandisha kitenge, nikaingia mu maji, nikashika mbao, nikapanda. Bwato ikayumba, nikapiga kelele, bavuvi bakacheka. Nikakaa chini kabisa, mikono huku na huku, meno inagongana.

"Papa ya batoto," nilisema, "leta mudogo kwanza."