Chupa ya Mama Mkwe

Kazi yangu mwaka ule, katika maabara ya utafiti, ilikuwa kupokea mikojo ya watu wazima wasio na ugonjwa. Watu wa mtaa wa Isevya walinicheka hadi nikakereka. Asiyeumwa apimwe nini? Nami nawaeleza tena na tena: seli za figo humwaga kwenye mkojo vifuko vidogo mno, visivyoonekana kwa darubini ya kawaida, na kabla hujasema vya mgonjwa vimezidi au vimepungua, lazima ujue vya mwenye afya vikoje. Wengine waliniogopa kabisa. Mji huu umepokea wageni tangu enzi za misafara, lakini mkojo wa mtu, walisema, hauachwi mikononi mwa usiyemjua.

Aliyeniokoa ni mama mkwe wangu, wa mtaa wa Ipuli. Alisimama baada ya ibada mbele ya kina mama wenzake akasema yeye atakuwa wa kwanza. Nilimpenda sana siku ile. Chupa nilimpelekea kupitia mke wangu, maana mimi na mama hatukuwahi hata kula meza moja. Kwetu mkwe huheshimiwa kwa kukaa naye mbali. Mke wangu akalala huko, asubuhi akaniletea chupa ndani ya mfuko mweusi.

Kabla ya mashine kubwa huwa tunachovya kwanza kijiti cha kupimia. Kile kiligeuka kijani iliyokolea. Protini nyingi mno. Figo zilikuwa zinavuja, na mwenye mkojo ule hakuwa tena mtu wa utafiti wetu, alikuwa mtu wa hospitali. Niliumia.

Mchana nikaenda Ipuli. Mama alikuwa uani anapepeta karanga. Nikasimama kando, nikamwamkia, nikamweleza kwa maneno ya kuzunguka kwamba figo zake haziko sawa.

Aliweka ungo chini.

"Baba, ule mkojo si wangu," alisema, akitazama pembeni. "Niliona haya. Mkwe aje aushike mkojo wangu, auchungulie? Nikamwambia mwenzio aweke wake. Nilijua sote hatuna kitu."

Sikumbuki kama niliaga. Hospitali hawakutuficha: figo za mke wangu zilikuwa zimeharibika muda mrefu bila yeye kuhisi chochote. Daktari alisema dawa zitajaribiwa kwanza, zikishindwa ndipo tuzungumze habari ya kupandikizwa figo nyingine. Nilimfikishia mama habari hiyo kama nilivyoipokea. Aliuokota ungo wake akaendelea kupepeta, nami nikamkasirikia kwa hilo.

Kesho yake asubuhi alikuja maabara kwa miguu, hakumtuma mtu. Alinisogelea kuliko alivyopata kunisogelea tangu nioe, akaniwekea chupa kiganjani.

"Pima, baba," akasema, ananitazama machoni. "Zangu zikiwa nzima, moja ni yake."