Nilikwenda Ruziba kuposa, nikaishia kufundisha filtration

Wakuu, salaam kwenu. Kisa hiki sijakitia chumvi, aibu yangu inatosha ilivyo.

Mimi nauza filtre za maji Quartier Asiatique, hapa Bujumbura. Juzijuzi nilikwenda Ruziba na baba mdogo kumposa Zuhura. Nampenda yule binti, mniamini. Nilivaa kanzu mpya inayong'aa.

Baba yake, Mzee Ramazani, akatuletea maji. Ya ziwa, rangi ya chai ya maziwa. Baba mdogo akanywa, akasema alhamdulillahi. Mimi nikaishika tu glasi.

"Kunywa, mutoto wangu. Haya maji ni tohara."

Ulimi ukaniwasha. Nikamweleza kwamba tohara yatosha kutawadha, ila ya kunywa yana safari yake.

Kwanza décantation: unayaacha yatulie, tope lishuke chini. Halafu filtration, yaani kuchuja: unayapitisha kwenye mchanga au filtre, uchafu unanaswa. Mwisho désinfection: unachemsha au unatia klorini, vijidudu vife. Nikakazia kuwa maji yanaweza kung'aa na bado yakakuumiza tumbo, kwa sababu vijidudu havionekani kwa macho.

(Baba mdogo alinikanyaga mguu nilipofika kwenye filtration. Nikadhani ananipa moyo.)

Mzee alisikiliza vizuri, hata maswali akauliza. Nikajiona nimeshaoa.

Kisha akamgeukia mkewe. "Mama Zuhura, umesikia? Kumbe kitu inaweza kungaa, na vijidudu biko ndani."

Mama akaitazama kanzu yangu. "Nimesikia. Basi huyu naye tumuache kwanza atulie. Tuone nini itashuka chini."

"Kisha tumupeleke kwa mashangazi ya Zuhura," mzee akasema. "Wale banachuja sana."

Tukarudi mjini bila jibu. Baba mdogo tumbo lilimsumbua wiki nzima, na mpaka leo anasema chanzo ni hotuba yangu. Mimi usingizi ulinipaa. Duka zima la filtre, na mke namkosa kwa filtration.

Jana Zuhura kaniandikia: mashangazi wameulizia habari zangu mjini, wamenipitisha. Nilicheka peke yangu dukani mpaka wateja wakanishangaa.

Halafu nikasoma mstari wa chini. "Papa anasema bado kukuchemsha. Kuja Jumapili, na ulete filtre moja."

Nililojifunza, wakuu: ukweni omba chai. Imeshachemshwa, imeshachujwa, na haihitaji maelezo.

Mliowahi kuchemshwa na wakwe, niambieni hapa chini: mtu hutoka mzima?